Miche ya ndani inalala chali kila mara? Mwongozo kamili wa unyevu na hewa, kuanzia mbegu mpaka siku ya kutoka nje

Picha ni ileile kila mara, naijua hata kabla haijamaliza kufunguka kwenye simu: trei ya hoho au nyanya, miche imelala kama imefyekwa, majani bado ya kijani kabisa, halafu chini yake swali, "hii nipige dawa gani?" Nikiuliza uliifunika mpaka lini, naambiwa mpaka zote ziote. Nikiuliza kuna feni, naambiwa dirisha liko wazi. Unamwagilia saa ngapi? Jioni nikitoka kazini. Hapo jibu tumeshalipata na dawa bado hatujaigusa.

Kwa hiyo leo naandika yote kwa mpangilio, unyevu na hewa tu, mwanga na mbolea nitavigusa pale vinapoingiliana na hivi viwili. Mimi naoteshea Dar, chumba kimoja, shelfu ya ngazi tatu, ila nimeweka humohumo na tofauti za walio Dodoma, Arusha, Njombe au Nairobi maana hewa zetu hazifanani kabisa na ushauri wa mtu wa Dar unaweza kukukaushia trei nzima ukiwa Dodoma mwezi wa tisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua pakiti ya mbegu

- Trei za miche zenye matundu chini, na sinia au beseni la bapa la kuziweka juu yake
- Kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi, huuzwa kama tofali kavu) au pitimosi (udongo wa bustani acha nje, sababu inakuja)
- Nailoni nyeupe inayoonyesha, au mfuniko wa plastiki wa trei
- Vijiti vya mishikaki vinne kwa kila trei
- Feni ndogo, ya mezani au zile za kuchaji
- Kipima unyevu kidogo cha dijitali kinachosoma asilimia na joto, changu nilikipata kwa elfu kumi na tano
- Chupa ya kunyunyizia yenye matone madogo
- Jiki, mkasi mdogo, kipande cha tishu, chumvi ya mezani kijiko kimoja

Kama hela inatosha kitu kimoja tu kati ya feni na kipima unyevu, nunua feni. Bila kipimo unaweza kukisia, bila feni kwenye chumba cha Dar unacheza bahati nasibu.

## Kwanza elewa hiki, kifupi tu

Mbegu na mche vinataka hewa tofauti. Mbegu inataka unyevu mwingi muda wote kwa sababu ikishaanza kuota halafu ikakauka katikati, mara nyingi inakufa, hairudi. Mche ulioshachomoza unataka unyevu wa kiasi na hewa inayotembea, kwa sababu shina lake bado laini kama chipukizi la choroko na vimelea vya kinyausi, yaani ugonjwa wa shina kuoza chini na mche kulala, (Pythium na Rhizoctonia ndio wakorofi wakubwa) vinapenda hasa pale shina linapokutana na udongo mbichi, hewa imesimama, matone hayakauki.

Sasa watu wengi wanautunza mche kama mbegu. Wanaacha nailoni siku tano zaidi kwa kusubiri mbegu za mwisho. Shida yote iko hapo.

Namba za kushika: kabla ya kuota, chini ya nailoni unyevu uwe asilimia 90 na kuendelea. Wiki ya kwanza baada ya kuota, 65 hadi 75. Majani ya kweli (yanayofuata baada ya yale mawili ya mwanzo) yakishatoka, 50 hadi 65 inatosha. Dar hizo za mwisho hutazipata siku nyingi, usijali, ndiyo maana kuna feni.

## Hatua ya 1: Jaribu kipimo chako kwa chumvi

Vipimo vya bei rahisi vinadanganya, nimeshaona viwili vimewekwa meza moja vinatofautiana asilimia 12. Chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni uliolowa, isielee kwenye maji. Kiweke ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na kipima unyevu, visigusane, funga, acha usiku kucha.

Asubuhi soma ukiwa hujafungua. Chumvi iliyolowa namna hiyo huituliza hewa ya ndani ya kopo kwenye asilimia 75, ndiyo tabia yake kwenye joto la kawaida la chumba. Chako kikisoma 68 basi kinapunguza 7, andika kwa kalamu mgongoni "ongeza 7" na maisha yaendelee.

Umefaulu ukiona: unajua kipimo chako kinakosea kwa kiasi gani. Kukosea siyo tatizo, kutojua ndio tatizo.

## Hatua ya 2: Osha trei hata kama ni mpya

Jiki sehemu 1, maji sehemu 9, zamisha trei dakika 10, suuza, anika juani mpaka ikauke kabisa. Trei za msimu uliopita sugua kwanza, kwa sababu jiki haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, vimelea vinajificha kwenye mabaki ya mizizi kwenye kona za matundu.

Usichanganye jiki na sabuni ya chooni au siki ukidhani unaongeza nguvu. Ile hewa inayotoka ni sumu, na wewe uko chumbani.

## Hatua ya 3: Lowesha kokopiti kwa kipimo cha ngumi

Loweka tofali la kokopiti, likishafumuka suuza mara mbili kwa maji safi maana nyingi zina chumvichumvi. Halafu kamua kwa ngumi kwa nguvu zako za kawaida. Yakitoka matone mawili matatu, iko sawa. Ukipata mchirizi, imelowa mno, iache kwenye gunia ichuruzike. Ikimomonyoka ukifungua mkono, ongeza maji.

Kwa nini nasisitiza hili kwenye mada ya hewa? Kwa sababu hewa siyo ya juu tu. Mizizi inapumua, na kwenye tundu lililojaa maji hakuna nafasi ya hewa, mzizi unaoza kabla jani halijaonyesha dalili. Na udongo wa bustani ndani ya tundu dogo la trei unashikamana kama tope la kufyatulia tofali, juu ya hapo unakuja na vimelea vyake. Ukilazimika kuutumia, umwagie maji yanayochemka hadi ulowe wote, uache upoe na uchuruzike, changanya na mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa.

Umefaulu ukiona: ukiinua trei iliyojazwa, hakuna maji yanayodondoka chini baada ya dakika moja.

## Hatua ya 4: Panga shelfu na feni kabla ya kusia

Watu wanasia kwanza, feni wanatafuta kinyausi kikishaingia. Geuza.

Trei zisigusane, acha upana wa vidole vitatu kati yake, na zisigande ukutani, acha kiganja kizima. Ubao wa shelfu ukiwa wa nyavu au wa vipande vyenye nafasi ni bora kuliko mbao nzima, hewa inapita chini pia. Shelfu ikiwa kwenye kona, ile kona itakuwa na unyevu kuliko chumba kizima hata ukipima ukaona kiko sawa. Kipimo chenyewe weka chini usawa wa miche, usikitundike ukutani kama saa.

Feni iweke mita moja hivi kutoka kwenye trei ya kwanza, iangalie pembeni kidogo au juu ya miche ili upepo ugonge ukuta na kurudi umelegea. Usiielekeze usoni mwa trei moja kwa moja, safu ya mbele itakauka na ya nyuma itaoza, yaani unapata hasara mbili kwa umeme mmoja.

(Mwaka jana jirani aliniuliza kwa adabu sana nalima nini chumbani kwenye taa nyeupe mpaka saa nne usiku. Nikamfungulia mlango aone hoho. Sasa hivi ana trei mbili.)

## Hatua ya 5: Sia na kufunika

Nyanya na hoho zisizidi sentimita moja kwenda chini, nusu sentimita inatosha. Nyunyizia juu kwa matone madogo, chomeka vijiti vya mishikaki kwenye kona nne, tandaza nailoni juu yake isiguse kokopiti. Vijiti vina kazi: nailoni ikigusa udongo, matone yanabaki palepale na ukungu unaanza hapohapo.

Feni bado hujawasha, hapa tunataka hewa itulie na unyevu ubaki ndani.

Joto ndilo linaloamua mbegu zikae humo siku ngapi. Kwenye nyuzi 25 nyanya inaota siku 5 hadi 8, hoho 8 hadi 14. Kwa mtu wa Dar trei iko tayari kwa joto lake la kawaida. Kwa Njombe au Makambako mwezi wa sita na wa saba ni kesi nyingine, mbegu inakaa wiki tatu kwenye ubichi wa baridi, na hapo inaoza kabla ya kuota halafu unalaumu duka la pembejeo. Weka trei juu ya friji au karibu na jiko, popote penye uvuguvugu wa kudumu, mwanga bado hauhitajiki.

Fungua mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, dakika tano. Futa matone kwa kitambaa kikavu, geuza nailoni, rudisha. Ndani hamna haja ya kumwagilia tena, matone yenyewe ni ushahidi kwamba maji yapo.

Umefaulu ukiona: nailoni ina ukungu mwepesi wa mvuke asubuhi. Ikiwa na matone makubwa yanayochuruzika, uliweka maji mengi, iache wazi nusu saa. Ikiwa kavu kabisa, kuna mahali inapitisha hewa au kokopiti imekauka.

## Hatua ya 6: Kufunua (hapa soma polepole)

Kuna trei yangu moja ya hoho chotara, matundu 200, mbegu zenyewe bei yake mnaijua. Siku ya tisa asubuhi nikaona vile vishingo vimejikunja vinachomoza, kama 80 hivi. Nikasema zisubirie wenzao. Siku hiyohiyo ikaja simu ya msiba Tanga, nikaenda, nikakaa siku tatu. Nimerudi, nimefungua mlango, harufu ya uchachu ya udongo uliovunda, nailoni imejaa matone makubwa kama ya sufuria ya wali, nikainua. Ile 80 ya mwanzo ilikuwa mirefu, myeupe shina, na katikati ya trei ilikuwa imelala mduara mzima, ukigusa shina pale chini ni jembamba kama uzi wa kushonea na linateleza. Zile za pembeni ambako nailoni ilikuwa imenyanyuka kidogo kwa upepo, zilikuwa zima. Trei moja, udongo mmoja, maji yaleyale, tofauti ni pale hewa ilipopita.

Kwa hiyo kanuni yangu tangu siku hiyo: nusu ya mbegu zikichomoza, nailoni inatoka. Usisubiri zote. Zile za nyuma kokopiti iliyolowa vizuri inazitosha, nyunyizia juu yake tu asubuhi kama uso unakauka. Na hata zikipotea kumi, umeokoa mia moja na tisini.

Namna ya kufunua inategemea uko wapi:

Pwani (Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar): nyanyua upande mmoja asubuhi, jioni ya siku hiyohiyo toa yote. Hewa yetu yenyewe ina unyevu wa kutosha, mche hautashtuka.

Dodoma, Singida, au chumba chenye AC: chukua siku mbili hadi tatu. Siku ya kwanza upande mmoja, ya pili pande mbili, ya tatu toa. Ukitoa ghafla hewa ikiwa asilimia 35, ganda la mbegu linakaukia kichwani na majani ya mwanzo yanashindwa kufunguka, yanabaki yamebanwa kama kofia. Ikitokea, usivute, lowesha ganda kwa tone la maji, subiri dakika kumi na tano, lisukume taratibu kwa kijiti.

Nyanda za baridi na Nairobi kipindi kile cha mawingu: toa siku ya jua saa 4 asubuhi, siyo jioni, kwa sababu usiku wa baridi unyevu hewani unapanda wenyewe.

Wakati huohuo wa kufunua mwanga uwe umeshafika, taa sentimita 10 hadi 20 juu ya miche, kwa zile za LED zisizochoma. Mche uliorefuka kutafuta mwanga una shina laini, na shina laini ndilo kinyausi kinalitafuta, hata feni nzuri haitakusaidia hapo.

Umefaulu ukiona: saa ishirini na nne baada ya kufunua uso wa kokopiti umebadilika rangi kuwa wa kahawia hafifu, miche imesimama, majani ya mwanzo yamefunguka bapa.

## Hatua ya 7: Washa feni, na uipime kwa tishu

Kata ukanda wa tishu, upana wa kidole, utundike kwenye kijiti katikati ya trei usawa wa majani. Uwashe feni. Ukanda ucheze taratibu kama pazia la dirishani, basi. Ukipeperuka umelala, upepo ni mkali. Ukitulia kabisa, hewa haifiki hapo hata kama wewe umesimama na unaisikia usoni. Fanya hivyo pembe zote nne na katikati, utashangaa maana kuna kona inakuwa imekufa kabisa.

Sababu ni hii: jani linatoa maji, na yale maji yanabaki kama blanketi jembamba la hewa nzito iliyoganda juu ya jani. Chumba kinaweza kusoma asilimia 65 na pale juu ya jani pakawa 90. Upepo mwepesi unaliondoa hilo blanketi. Jani likitoa maji vizuri, mzizi unavuta mengine pamoja na chakula chake, hasa kalisi, ambayo inasafiri na maji tu. Na mche unaotikiswa unanenepesha shina na kupunguza urefu, ni kama mtoto anayecheza nje na anayelala ndani tu.

Nyanya unaweza pia kuzipitishia kiganja juu kwa upole mara kumi au ishirini kwa siku, majani yakiwa makavu. Hoho usifanye hivyo, zinachubuka, ziachie feni.

Siku mbili za kwanza feni saa sita kwa siku zinatosha. Kuanzia siku ya tatu, Dar naiacha usiku na mchana. Dodoma nusu siku inatosha na uiweke mbali zaidi.

Tahadhari: kingo za majani zikijikunja kwenda juu na kukauka, feni iko karibu au hewa ni kavu. Ukiona vipele vidogo kama vya malengelenge chini ya majani ya nyanya, hiyo siyo ugonjwa wa kuambukiza, ni mizizi inavuta maji kuliko jani linavyoweza kuyatoa. Punguza maji, ongeza hewa, majani mapya yatatoka safi.

## Hatua ya 8: Mwagilia kwa chini, na kwa uzito

Sahau ratiba ya "kila siku mara mbili." Inua trei. Ijue uzito wake ikiwa imetoka kunywa, na uzito wake ikiwa nyepesi. Mkono unajifunza ndani ya siku tatu tu.

Ikiwa nyepesi na uso umekauka, weka maji sentimita moja mpaka moja na nusu kwenye sinia, kalisha trei dakika 10 hadi 20, uso ukianza kuwa mweusi itoe, maji yaliyobaki mwaga. Narudia, mwaga. Trei kukaa kwenye maji usiku ni sawa na kurudisha nailoni.

Kwa nini chini? Shina na majani vinabaki vikavu, uso wa kokopiti unakauka haraka, mizizi inafuata maji kwenda chini. Na vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa trei vinataga kwenye uso mbichi, uso ukikaukakauka vinapungua vyenyewe, ukiongeza kadi za njano zenye gundi vinaisha zaidi.

Muda ni asubuhi, saa 1 hadi saa 3. Anayemwagilia jioni analaza miche na nguo mbichi. Nyie mnaotoka kazini usiku najua inauma, amka dakika kumi mapema.

Ukijani wa mwani juu ya uso unakwambia uso haukauki. Utando mweupe kama pamba juu ya kokopiti mara nyingi unakula mabaki tu, siyo mche, lakini nao ni ujumbe uleule: kwangua, chelewesha maji, sogeza feni.

Miche ikiwa miwili kwenye tundu moja, kata mmoja kwa mkasi usawa wa udongo. Usiung'oe, utang'oa na mwenzake. Msongamano unazuia hewa kuliko kitu kingine chochote.

## Hatua ya 9: Usiku, masika na umeme kukatika

Taa zikizimwa chumba kinapoa, na hewa ileile ikipoa inasoma unyevu zaidi bila tone la maji kuongezeka. Chumba changu mchana 68, saa 10 alfajiri 86. Kwa hiyo feni ukiizima usiku kubana matumizi, umeizima muda inapohitajika zaidi. Zima mchana kama lazima uzime.

Dirisha: watu wanafungua asubuhi na mapema "hewa safi iingie." Pwani hewa ya alfajiri ndiyo nzito kuliko zote. Fungua kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni, funga kabla ya jua kuzama. Masika, Machi hadi Mei, kuna siku nje ni 90 mchana kutwa, hapo dirisha halikusaidii, funga, feni iende, maji punguza nusu. Usianike nguo kwenye chumba hichohicho (mke wangu anasoma hapa anacheka, maana mkosaji ni mimi).

Umeme ukikatika: saa mbili tatu siyo shida. Zikizidi, tenganisha trei, sambaza sakafuni, fungua mlango na dirisha ili hewa ikatize. Feni ya kuchaji yenye wati 3 kwenye pawabenki ya mAh 10,000 inafika saa 8 hivi, usiku mzima. Ichaji umeme ukiwepo, isiwe ya kuchajia simu tu.

## Hatua ya 10: Ukiwa na shida ya kinyume, hewa kavu

Kipimo kikisoma chini ya 45 kwa siku nzima, usianze kunyunyizia majani kila saa, unyevu unapanda dakika kumi halafu unashuka, na majani yanabaki na matone. Loweka taulo au kanga nzee, kamua, itundike kwenye kiti hatua mbili kutoka kwenye shelfu, feni ipulize kupitia pale. Kitambaa kina eneo kubwa kuliko beseni la maji, kinafanya kazi zaidi. Rudia asubuhi na mchana, usiku acha. AC kama ipo, isipulizie shelfu.

Ikifika 50 hadi 55, tosheka. Hewa kavu kidogo inachelewesha mche, hewa mbichi iliyosimama inauua.

## Kinyausi kimeshaingia, nifanyeje?

Ule ulioanguka haurudi, usiuegemezee kijiti. Toa na kokopiti ya tundu lake, toa na matundu yanayouzunguka hata kama miche yake imesimama, kwa sababu kinatambaa kwa mduara. Nawa mikono kabla ya kugusa trei nyingine. Hamisha trei hiyo mbali, simamisha maji mpaka uso ukauke, feni masaa yote.

Dawa za kumwagia kwenye udongo zenye metalaksili na mankozebu zipo maduka ya pembejeo, zinasaidia kuokoa miche iliyobaki, fuata kipimo cha lebo, vaa glavu, na usipige ndani ya chumba mnacholala, toa trei nje. Ila ukipiga dawa na kurudisha trei kwenye kona ileile isiyo na hewa, wiki ijayo utanitumia picha nyingine. Unga wa mdalasini nimeujaribu, sijaona cha kuutegemea.

## Hatua ya mwisho: Kukomaza na kutoa nje

Mche ukiwa na majani ya kweli manne hadi sita, anza siku 7 hadi 10 za kuzoesha. Siku mbili za kwanza saa moja au mbili kivulini, upepo mdogo, baadaye ongeza saa na jua la asubuhi kidogo kidogo. Upepo wa nje hauna adabu ya feni yako, kwa hiyo siku za mwanzo weka pazia la chandarua chakavu upande unaotoka upepo. Siku tatu za mwisho zilale nje kama hakuna mvua kubwa wala baridi kali.

Maji punguza lakini usisubiri inyauke, trei ikiwa nyepesi ipe.

Uko tayari kuhamishia ukiona: shina linene, upande wa chini kwa nyanya limeanza kuwa na rangi ya zambarau, mche ukiusukuma kwa kidole unarudi wenyewe, na ukiuchomoa kwenye tundu kokopiti inatoka nzima imeshikwa na mizizi myeupe. Mizizi ya kahawia inayoteleza, usiupande, hata kama juu unapendeza. Hamishia jioni jua likishalegea. Miche inayobaki iache hukohuko nje kivulini kwa ajili ya kuziba mapengo, shelfu ya ndani ioshe kwa jiki siku hiyohiyo.